Darubini ya Yadi Sita

Tahlil alipokosa tena, hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Sylvestre alipojua mambo yameharibika.

Zamani wangecheka bana! Zamani Tahlil akikosa risasi moja tu, ukumbi mzima ulimzomea, wazee wa Kizungu waligonga meza kwa viganja, na yeye aligeuka akawatishia ngumi huku meno yote yako nje. Leo kila mtu alikuwa ameinamia glasi yake kama vile mna samaki ndani. Tahlil alibaki amesimama na ile bunduki ya upepo, anaupapasa mtutu, anaiangalia bunduki kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemjibu vibaya mbele ya wageni.

"Hii sight imepinda," akasema. "Silva, njoo uone. Imepinda, wallahi."

Sylvestre akaenda, akaiangalia ile ncha ya kulengea. Haikuwa imepinda.

"Eeh," akasema. "Kidogo labda."

Mchezo wenyewe sikia ulivyo. Ni klabu ya zamani ya wafanyakazi pale Newtown, Birmingham, chini ya yale maghorofa ya council. Zulia lake linanata viatu, na nyuma ya ukumbi kuna chumba kirefu. Mwisho wa chumba kuna bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, na katikati ya bamba kuna tundu dogo, hata kidole chako cha mwisho hakipiti. Nyuma ya tundu kuna kengele. Unasimama yadi sita tu kutoka hapo, yaani karibu kabisa, unalenga, unafyatua. Risasi ikipita tunduni kengele inalia, ting! Ikikosa, inaacha doa jeusi kwenye ile rangi nyeupe, na aibu yako inakaa hapo ukutani mpaka mtu aje na brashi kuipaka upya.

Mtu wa brashi mara nyingi alikuwa Sylvestre. Yeye kulenga hakuwa na mkono nako, na wala hakujali. Alikuja kwa ajili ya rafiki yake.

Wote wawili walikuwa madereva wa teksi, ofisi moja. Sylvestre katokea Uvira, kule Kongo, kapita kambi mbili kabla ya kufika Birmingham. Tahlil ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, kafika Uingereza kupitia Uholanzi. Siku moja ya mvua walikuja wote wawili kuchukua abiria pale klabuni, abiria hawajamaliza vinywaji, wakaambiwa wangojee ndani. Mzee mmoja akampa Tahlil bunduki kwa utani. Jaribu, rafiki. Tahlil akaishika kana kwamba kazaliwa nayo, akafumba jicho moja, na ting! Ukumbi ukalipuka. Akapewa tena. Ting! Watu wakapiga makofi mpaka abiria wakasahau kwamba wanataka kwenda nyumbani.

Tangu hapo kila Jumapili mchana Tahlil alikuwa pale, na Coca-Cola yake, na wazee wakambatiza jina: Bell, yaani Kengele. Mtu aliyekuwa mwalimu wa hesabu Eastleigh, na ambaye huku watu humpigia kelele za "oi, dereva", hapo alikuwa Bell. Akiingia mlangoni watu walimsogezea kiti.

Na sasa msimu mzima wa vuli wa mwaka huo, 2006, kengele ilikuwa kimya.

* * *

Kwanza alilaumu sight. Halafu akalaumu taa za chumba. Halafu akaingia sokoni mjini akarudi na darubini ya bunduki, ya bei ya kutupa, ndefu, nyeusi, imejaa vitufe, kwenye boksi lenye picha ya swala amesimama juu ya mlima.

"Sasa mtanijua!" akatangaza. "Hii inavuta mara tisa!"

Wakaifunga juu ya bunduki. Tahlil akaweka jicho. Akatulia. Akalitoa jicho, akalifikicha, akaliweka tena.

"Mbona ni ukungu?"

Kapteni wa timu, mama mmoja mnene anaitwa Tara, akachungulia. "Ukungu," akasema. Mzee wa baa akachungulia. Ukungu. Sylvestre akachungulia naye: bamba lilikuwa kama maziwa yaliyomwagika, tundu hata halionekani, na ule msalaba wa katikati wa kulengea unaogelea tu hewani.

Na Tahlil, ndugu yangu, akaanza kucheka! Alicheka mpaka akakaa chini. Akamshika Sylvestre mabega akamtikisa.

"Umeona? Wote mmeona ukungu! Ni kioo, Silva! Ni kioo, si macho!"

Hakuna mtu aliyekuwa ametaja macho.

Sylvestre aliupokea ule mtikiso, akacheka pia, lakini kicheko kikamkwama katikati. Maana hapo ndipo alipojua kwamba rafiki yake naye anaogopa kitu kilekile anachokiogopa yeye.

* * *

Tahlil alikaa Alum Rock, ghorofani juu ya duka la nguo za harusi. Wiki hiyo Sylvestre alipita kumrudishia jeki ya gari. Tahlil alikuwa chumbani anaswali. Mkewe, Saido, akamkaribisha jikoni, akafunga mlango polepole.

"Shemeji, kaa. Nataka kukuuliza na usinidanganye."

"Uliza, shemeji."

"Huyu mtu anaona?"

Sylvestre akakikazia macho kikombe cha chai mezani.

"Chai anamimina nje ya kikombe," Saido akasema kwa sauti ya chini. "Anasema ni mkono, ugonjwa wake wa sukari unampa kutetemeka. Hiyo sukari yake najua inatetemesha, lakini mkono hautetemeki, nimeuangalia. Akifika ngazi za nje anasimama, anajifanya anatafuta funguo mfukoni. Funguo ziko mkononi, shemeji! Anaitafuta ngazi kwa mguu. Na gari sasa anaegesha huko mbali na ukingo, katikati ya barabara, watu wanampigia honi."

"Umemwambia aende kwa daktari wa macho?"

"Kila siku. Anasema kesho."

"Kesho ya nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Tahlil. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya kuswalia kichwani. "Silva, hawa wanawake wetu, ukikohoa wanakuchagulia kaburi."

"Hatukuchagulii kitu," Saido akasema. "Nenda ukapimwe. Basi."

"Nikapimwe niambiwe nini? Daktari akisema neno moja tu, leseni imekwenda. Imekwenda, Saido! Na Lalita atapelekwa na nani? Yule mtoto hakubali mtu mwingine amguse kiti."

Lalita alikuwa msichana wa Winson Green, mitaa ile ya nyumba zilizoungana karibu na ukuta wa gereza. Alitumia kiti cha magurudumu na maneno yake yalikuwa machache. Asubuhi Tahlil alimpeleka shule, mchana akamrudisha, kazi ya halmashauri kupitia ofisi yao. Alipoanza kumbeba, mtoto alilia kila siku njia nzima. Sasa akiliona gari la Tahlil anapiga makofi.

"Ndiyo maana," Saido akasema. "Kwa sababu ya huyo mtoto ndiyo nasema."

Jikoni kulisikika cherehani ya duka la chini.

Halafu Tahlil akainua kidole. Alikuwa mtu wa fahari, na mtu wa fahari ukimbana anaweka dau.

"Haya. Sikilizeni wote wawili. Ile darubini ya sokoni ilikuwa mbovu, hata Silva ameona. Nileteeni nzuri, ya kuonea karibu. Silva aichague yeye, mimi sitagusa, msije mkasema nimechagua mbovu makusudi. Nikikosa na hiyo, nakwenda kwa daktari kwa miguu yangu mwenyewe. Nikipiga kengele, hakuna kunitajia macho tena humu ndani. Umesikia, Saido?"

Saido akamgeukia Sylvestre. "Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

"Chagua vizuri," akasema.

"Chagua vizuri, walaal," Tahlil naye akasema, akimwita ndugu kwa Kisomali.

Kila mmoja alisema maneno yaleyale, na Sylvestre akateremka ngazi akijua kwamba hawakuwa wamemtuma kitu kimoja.

* * *

Francine, mkewe, alimcheka nusura adondoshe sufuria. "Weye! Uvira tulikimbia bunduki, mpaka kiatu kimoja nikaacha njiani. Leo huku unaitafutia bunduki miwani?"

"Si ya kwangu."

"Ya nani?"

Akamwambia. Francine akaacha kucheka, akarudi kwenye sufuria yake, na baada ya muda akasema bila kugeuka, "Maskini Tahlil."

Kulikuwa na kiduka kwenye kichochoro nyuma ya barabara kuu, upande mmoja vifaa vya kuvulia samaki, upande wa pili bunduki za upepo. Mwenye duka alikuwa mama wa Kisingasinga, Kulwinder, nywele nyeupe, sweta la mumewe marehemu limemfika magotini. Sylvestre alianza kueleza habari ya ile darubini ya sokoni kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Mama akamsikiliza, akainamisha kichwa.

"Unatoka Kongo wewe?"

"Ndiyo, madame."

"Basi sema Kiswahili, usijitese. Mimi nimezaliwa Kisumu." Akacheka peke yake, amefurahi kama aliyeokota pete. "Haya. Unapiga umbali gani?"

"Yadi sita."

"Sita? Ai! Hiyo ni kutoka mlango mpaka sufuria!"

"Njo mchezo wenyewe, mama. Iko kengele."

"Najua kengele. Mzee wangu alipiga kengele miaka yote. Ngoja." Akaanza kushusha maboksi. "Watu wote wakiingia hapa wanataka kubwa. Mara tisa, mara kumi na mbili. Wanataka kuona mwezi. Zile zimetengenezwa kuona mbali, ukizileta karibu zinapofuka. Yako ile ya sokoni, ilikuwa na picha ya mnyama?"

"Swala."

"Sasa swala anakuja yadi sita kukungojea? Wewe unataka ndogo. Nguvu kidogo, na mbele hapa iwe na pete inazunguka. Ona."

Alimwekea mkononi darubini ya mtumba, fupi, rangi imechubuka ubavuni. Kwenye mdomo wake wa mbele kulikuwa na pete yenye namba. Ukiizungusha huku inaona mbali, ukiizungusha kule inaona karibu, karibu kabisa. Nyingine mpya zilikuwepo kwenye kabati la kioo, nzuri, lakini bei zake zilikuwa za kumfanya mtu ashike mlango.

"Hii bei ya watu kama sisi," Kulwinder akasema. "Imechubuka nje tu. Kioo chake kizima. Na ifunge chini, karibu na mtutu. Ukiifunga juu, kwa karibu risasi itapiga chini ya pale unapolenga."

Akabandika paketi ya biskuti kwenye ukuta wa mbali wa duka. Sylvestre akaweka jicho, akazungusha pete polepole. Ukungu, ukungu, ukungu, halafu, Mungu wangu! Herufi zikaja. Si zile kubwa, zile ndogo za pembeni, za unga na sukari na chumvi, zimesimama wima kama zimechongwa. Aliona mpaka nukta. Inzi akatua kwenye paketi, na Sylvestre akaona anavyosugua miguu.

"Unaona?" akauliza Kulwinder.

"Naona."

"Sasa mbona uso wako umekuwa hivyo?"

Sylvestre alikuwa ameshika mkononi darubini nzuri, ya bei nafuu, ya yadi sita sawasawa, hasa alichotumwa. Na kwa kitu hicho Tahlil hatakuwa na mahali pa kujificha. Kioo hakitakuwa na kosa. Itabaki macho.

"Iko ya rafiki yangu," akasema mwishowe.

"Basi rafiki yako ana bahati," Kulwinder akasema, akaifunga kwenye gazeti.

* * *

Jumapili ilipofika Sylvestre aliwahi, akaegesha mbele ya klabu, lakini hakushuka. Darubini ilikuwa mapajani, kwenye gazeti lake. Mvua ndogo ile isiyokwisha ya Birmingham ilikuwa inachora kwenye kioo cha gari.

Alijisemea mengi. Kwamba si kazi yake. Kwamba wiki mbili tu shule zinafunga kwa Krismasi, na kwa wiki mbili nini kitatokea? Tahlil anajua njia ile kama kiganja chake. Zikifunga, atamwambia mwenyewe taratibu, wawili tu, bila mashahidi, bila kengele. Mtu huvuliwa jina lake mbele ya watu waliompa? Pale ndani kulikuwa na mahali pamoja tu katika nchi hii nzima ambapo rafiki yake alikuwa mtu mkubwa.

Akaizungusha pete. Akaipeleka mwisho kabisa, upande wa mbali, upande wa swala. Halafu akachukua utepe mweusi wa umeme kwenye kisanduku cha gari, akauzungusha juu ya pete na juu ya namba, akaubana. Ukimuuliza, angesema ni ili pete isicheze. Akachungulia nayo mlango wa klabu, yadi sita hivi: maziwa yaliyomwagika.

Vizuri. Tahlil atachungulia, atasema ni ukungu. Tara atachungulia, atasema ni ukungu. Sylvestre atalaani mwenye duka. Watacheka tena. Basi.

Hapo hapo gari la Tahlil likatokea kwenye kona, taratibu mno, nyuma ya basi. Basi lilipoendelea, Tahlil alisita, kama aliyeachwa mkono sokoni. Halafu akapanda ukingo wa barabara kwa tairi moja, akasimama hapo hapo.

"Silva! Umeleta?"

"Nimeleta, mon frère."

"Nzuri?"

Sylvestre akalitazama lile tairi juu ya ukingo. "Nzuri kabisa," akasema.

Wakaingia. Watu walikuwa wachache bado, Tara na mzee wa baa tu. Sylvestre alipaka bamba rangi mpya, nyeupe pee, halafu akaifunga darubini chini karibu na mtutu kama alivyofundishwa. Tahlil alikuwa anapiga porojo, sauti juu kuliko kawaida.

"Na mnasema kuna msalaba humo ndani? Mimi Mwislamu mnanipa msalaba nilengee? Silva, wewe na kanisa lako mnanitafuta!"

"Huo hauna dini. Lenga tu."

Tahlil akashika bunduki. Aliishika vizuri kama siku zote, kitako kimekaa begani, shavu limelala, mwili umetulia. Ukimtazama kwa nyuma ungesema hakuna kilichobadilika. Akaweka jicho.

Sylvestre alingoja lile neno. Sema ukungu, ndugu yangu. Sema tu, tumalize.

Kidole cha Tahlil kikatembea kwenye bunduki, kikarudi.

"Eh!" akasema. "Maa shaa Allah! Hii ndiyo darubini!"

Sylvestre akautazama ule utepe: ulikuwa bado umeibana pete.

"Unaona?" akauliza.

"Naona? Silva, naona mpaka ndani ya tundu! Naona kengele yenyewe imekaa inaningoja! Mbona hukutafuta hii mapema? Safi! Safi kama maji!"

"Bamba unaliona?"

"Nakwambia tundu naliona unaniuliza bamba?" Alicheka, bila kulitoa jicho. "Umechagua vizuri, walaal. Mwambie Saido umechagua vizuri."

Akafyatua.

Hakukuwa na kengele. Hakukuwa hata na ule mlio wa chuma. Kulikuwa na pu, sauti ya ubao. Risasi ilikuwa imepita kando ya bamba zima, na rangi nyeupe ikabaki safi, haina doa.

Tahlil aliposikia ile pu, hakugeuka. Alijaza risasi nyingine kwa kupapasa. Pu. Akajaza nyingine. Tara akanyanyua mguu kutaka kuja, Sylvestre akampungia mkono akae.

"Upepo," Tahlil akasema. Ndani ya chumba, madirisha yamefungwa.

"Tahlil."

"Nitaipata. Naiona vizuri, ni mkono tu."

"Tahlil, lete."

Akaichukua bunduki mikononi mwake, taratibu, kama unavyomchukua mtoto aliyelala. Akaubandua utepe mweusi. Ulitoka kwa sauti ya kuchanika, na Tahlil akageuza kichwa kuisikiliza.

"Nini hicho?"

"Niliiharibu," Sylvestre akasema. "Nisamehe. Niliizungusha huko nje nikaifunga utepe. Hakuna mtu anaweza kuona na hiyo. Hata mimi. Nilitaka useme iko ukungu, ili isiwe..."

Tahlil alibaki kinywa wazi kidogo. Unaweza kusema mtu alipauka? Tahlil alipauka. Yule mtu alikuwa amejitahidi, kwa nguvu zake zote, kudanganya mahali ambapo ukweli ungemwokoa, kwa sababu kwake yeye kioo kibovu na kioo kizima vilikuwa vimeshakuwa sawa. Alidhani wao wote wanaona.

"Wewe mjinga sana," akasema mwishowe, polepole, na hapakuwa na hasira ndani yake.

"Najua."

"Irekebishe."

Sylvestre akaizungusha pete, kule karibu, polepole, ukungu, ukungu, mpaka tundu likasimama katikati ya bamba, jeusi, la duara, kingo zake kali, limekuwa kubwa kama mlango wa nyumba. Mtoto angelipiga. Akampa bunduki.

"Sasa je?"

Tahlil akaweka jicho. Safari hii hakupiga porojo. Alikaa nalo muda mrefu, akahamisha jicho la kulia, akaweka la kushoto, akarudisha la kulia. Sylvestre aliona bega lake linapanda na kushuka.

"Ni sawasawa tu na ile," Tahlil akasema.

Akaiweka bunduki mezani. Aliitafuta meza kwanza kwa vidole, halafu ndipo akaiweka. Tara akaja na Coca-Cola, akaiweka karibu na mkono wake bila kusema kitu, na akamwita kwa lile jina, Bell, kwa sauti ya chini. Tahlil akatikisa kichwa kumshukuru. Hakuinywa.

"Funguo," Sylvestre akasema.

Na Tahlil akazitoa mfukoni, mara moja, bila kuzitafuta, akamwekea kiganjani.

* * *

Walirudi kwa gari la Tahlil. Alikataa kukaa mbele. Akakaa nyuma kushoto, pale pa abiria, akafunga mkanda, akasema, "Alum Rock Road, dereva, na usinipitishe njia ndefu." Sylvestre akacheka kwa sababu rafiki yake alitaka acheke.

Walipofika taa za kwanza, wakasimama.

"Ni nyekundu?" Tahlil akauliza kutoka nyuma.

"Nyekundu."

"Mimi huwa naangalia gari la mbele. Likisimama nasimama. Likiondoka naondoka." Akanyamaza. "Kama hakuna gari mbele, nangoja mtu anipigie honi."

Sylvestre alikuwa anamwona akilini Lalita kwenye kiti kile cha nyuma, anapiga makofi. Na alikuwa anazikumbuka zile wiki mbili, alivyozigawa kwa urahisi pale kwenye mvua, kana kwamba ni za kwake.

"Kesho nitampeleka mimi," akasema. "Nitaongea na ofisi asubuhi. Na mama yake nitamweleza."

"Atalia."

"Najua atalia."

"Dirisha lake lifungue kidogo, hata kukiwa na baridi. Anataka asikie nje. Ukipita karibu na ukuta wa gereza nenda polepole, kuna njiwa hapo juu anawapenda. Mimi siwaoni siku hizi. Yeye akipiga makofi najua wapo." Sauti ya Tahlil ilianza kutelemka. "Usimguse kiti kabla hujamwambia jina lako. Mwambie jina lako kila siku, hata kama anakujua. Umesikia, Silva?"

"Nimesikia, ndugu yangu."

Alum Rock ilikuwa imejaa watu wa Jumapili, maduka yamemwaga mboga na mabegi mpaka barabarani, vijana wamebeba mifuko ya kuku wa kukaanga. Tahlil alikuwa amegeuzia uso dirishani kama anayeangalia yote hayo. Sylvestre alimwona kwenye kioo cha ndani. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hakuyafuta. Huenda alidhani hayaonekani.

Mbele ya duka la nguo za harusi kulikuwa na nafasi ndogo kati ya magari mawili. Sylvestre akaingiza gari kinyumenyume mara moja, sambamba na ukingo, karibu kabisa.

Mlango wa juu ukafunguka kabla hawajashuka. Saido alikuwa ameliona gari dirishani, limeegeshwa sawasawa, na hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyeliegesha. Alisimama juu ya ngazi, mkono mdomoni, khanga inamteleza begani na haikumbuki.

Tahlil akafika kwenye ngazi. Akasimama. Hakuingiza mkono mfukoni, hakujifanya anatafuta chochote.

"Saido," akaita kuelekea juu, kidogo kando ya pale alipokuwa. "Njoo unishike mkono."